Busia Ipi? Historia ya Maelezo ya Mpakani na Uandishi wa Zana za Mawakala wa Akili Mnemba

Katika mpaka wa Kenya na Uganda, neno wakala lina historia ndefu kuliko kompyuta. Wakala wa forodha wa Busia au Malaba hukagua shehena, husoma orodha ya ushuru, kisha huchagua kifungu kinachoifaa. Aliyeiandika orodha hiyo hayupo kumweleza alichokusudia. Hali hiyo ndiyo inayomkabili leo wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa kazi pamoja na zana kadhaa, ikaamua yenyewe itumie ipi kwa kusoma jina la kila zana, maelezo yake na vigezo vinavyopaswa kujazwa. Makala haya yanadai kwamba maelezo ya aina hii huharibika hasa pale mwandishi anapoacha kusema jambo ambalo kwa mwenyeji halihitaji kusemwa.

Neno bodaboda ni ushahidi mwepesi. Waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya mpaka, katika miaka ya 1960 na 1970, waliwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili. Kwa msafiri aliyeshuka Busia na magunia yake, wito huo ulitaja huduma, mwanzo wa safari na mwisho wake. Neno lilipofika Kampala na Nairobi, ambako hapakuwa na mpaka wa kuvuka, maelezo hayo yote yalipotea, likabaki jina la chombo. Halikumdhuru mtu, kwa kuwa abiria huweza kuuliza. Programu mara nyingi haiulizi, hukisia.

Majina ya mahali yana hatari zaidi. Kuna mji wa Busia upande wa Kenya na mwingine upande wa Uganda. Kuna Kaunti ya Busia na Wilaya ya Busia. Malaba nayo ni miji miwili: ile ya Kenya imo katika Kaunti ya Busia, ya Uganda imo katika Wilaya ya Tororo. Wakati nao huyabadili majina. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, Tororo na Busia ya Uganda zilikuwa ndani ya Bukedi. Wilaya ya Busia ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Ukirudi nyuma zaidi, hata Busia ya Kenya ilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Karani wa Tororo aliyejua haya hakuwa na sababu ya kuyaandika.

Sasa tuseme zana ya kutafutia nyaraka inaelezwa hivi: "Hutafuta kumbukumbu za Busia." Wakala wa akili mnemba ataitumia kwa Busia yoyote na kwa mwaka wowote, na atajibu kwa ujasiri uleule. Maelezo yanayofaa yangesema: "Hutafuta kumbukumbu za utawala za upande wa Uganda pekee. Taja mwaka. Kwa miaka ya kabla ya 1997, tafuta pia chini ya Tororo na Bukedi. Usiitumie kwa Busia ya Kenya." Sentensi ya mwisho ndiyo waandishi wengi huisahau.

Waandishi wa orodha za forodha hawakuisahau. Mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na ndio msingi wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Umoja wake wa Forodha ulianza mwaka 2005. Kifungu cha 63.09 kinahusu mitumba. Maneno "nguo zilizotumika" yangetosha sokoni, lakini maelezo ya sura hiyo yanaongeza masharti mawili ambayo ni lazima yatimie yote: nguo zionekane wazi kwamba zimevaliwa, na ziletwe kwa wingi bila kufungashwa mojamoja, au katika marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Shati kuukuu lililokunjwa vizuri ndani ya boksi lake halimo. Ni maandishi makavu, lakini wakala wa Busia na yule wa Mombasa, wasiofahamiana kabisa, wanaweza kufikia uamuzi mmoja.

Pale maelezo yanaposhindwa, hasara haimfikii mwandishi. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, bidhaa iliyozalishwa katika nchi mwanachama, iliyomo katika orodha iliyokubaliwa na yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Mwanamke mwenye magunia mawili ya maharage asiyeelewa masharti hayo matatu anaweza kushika njia ya panya, akahatarisha mali ambayo haikudaiwa ushuru wowote. Siku atakapouliza simu yake kwa Kiswahili, jibu litategemea kama aliyeandika maelezo ya zana alitaja masharti yote matatu, au aliandika tu kwamba zana hiyo "hutoa taarifa za ushuru".