Ojwang' Alikuwa Anatucheka ama Alikuwa Anatuchekesha?

Kuna jina moja ambalo ukilitaja kwa kinyozi, kwa matatu ama mkiwa mezani nyumbani, watu watatabasamu kwanza halafu waanze kubishana. Mzee Ojwang' Hatari. Hilo tabasamu kila mtu analijua. Mimi leo nataka tuongee kuhusu huo ubishi.

Tuanze na yale ambayo hayana ubishi. Mzee Ojwang' jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Kwa zaidi ya miaka 30 aliigiza kama mzee Mjaluo kwenye runinga ya taifa: Darubini, Vioja Mahakamani, na zaidi ya zote Vitimbi. Lafudhi aliishika sawasawa mpaka alipofariki tarehe 12 Julai 2015, Wakenya wengi tu walibaki wameduwaa kusikia jina ambalo familia inamwita. Mama Kayai, mkewe wa kwenye Vitimbi, ni Mary Khavere, na yeye pia si Mjaluo. Yaani boma la Kijaluo ambalo nchi nzima ililijua, baba na mama wa hilo boma walikuwa wametoka kwingine kabisa.

Sasa swali linakuja lenyewe. Huyu mzee alikuwa anawacheka Wajaluo, ama alikuwa anatuchekesha sisi wote?

Nimeuliza watu wengi hili swali, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza video za kuchekesha na nataka kujua nimerithi nini. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya profesa hapa. Lakini nimegundua kitu: majibu hayagawanyiki kikabila vile ungedhani. Yanagawanyika kulingana na wakati mtu alimsikia Ojwang', na mahali alikuwa amesimama akimsikia.

Watazamaji wa kwanza ni kina mamangu. Mamangu alikulia Nakuru kwenye ploti yenye makabila matano na choo kimoja. Anasema hakukuwa na runinga nyingi, kulikuwa na jirani mmoja mwenye Great Wall ya rangi nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari, na mnajaza nyumba ya watu mpaka mlangoni. Stesheni pia ilikuwa moja. Kumbuka runinga ilianza hapa Kenya mwaka wa 1962, serikali ikaichukua ikawa Sauti ya Kenya, na ilikuwa mpaka 1990 ndipo KTN ikaja kuipa KBC mshindani. Kwa hivyo kama ulitaka kucheka ukitazama runinga miaka ya 80, mlikuwa mnacheka kitu kimoja, wakati mmoja, chumba kimoja. Mjaluo wa ploti alikuwa ameketi hapo hapo na yeye. Ojwang' akisema "sida" badala ya "shida", watu walimwangalia huyo jirani, jirani akacheka, na kesho yake yeye naye akamcheka Mkikuyu anayechanganya "l" na "r". Kwa kina mamangu, huo ulikuwa ujirani. Ukimwambia Ojwang' alikuwa anadharau watu, anakuangalia kama umetukana marehemu.

Watazamaji wa pili wamekaa upande ule mwingine wa hicho kicheko. Nina rafiki, Mjaluo, aliyesoma shule ya bweni mbali na kwao. Siku ya kwanza alipofungua mdomo darasani, akabatizwa Ojwang'. Hakuna aliyemuuliza jina lake kwa muhula mzima. Yeye anasema hana shida na mzee mwenyewe, shida yake ni kwamba mzee aliacha kiatu, na kila mtoto mwenye lafudhi yake alilazimishwa kukivaa. Anauliza swali ambalo mimi sijaweza kulijibu kirahisi: kwa nini yule aliyekuwa na haki ya kuchagua lafudhi ya kuigiza hakuwa mtu aliyezaliwa nayo? Wanjau akitoka studio anavua lafudhi pamoja na koti. Rafiki yangu hawezi kuivua.

Halafu kuna watazamaji wa tatu, na hawa shida yao si kabila. Ni siasa. Hawa ni wale wanaosema Vitimbi ilikuwa kicheko kilichoruhusiwa na serikali. Na ukiangalia historia, hawajakosa hoja. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka wa 1977 baada ya mchezo wa kuigiza wa wakulima na wafanyakazi kule Kamĩrĩĩthũ. Mwaka wa 1982 uwanja wenyewe wa michezo ukabomolewa. Wahome Mutahi, yule aliyekuwa anatuchekesha gazetini na safu yake ya Whispers, alifungwa mwaka wa 1986 wakati wa msako wa Mwakenya. Miaka hiyo hiyo, kwenye runinga ya serikali hiyo hiyo, Ojwang' anagombana na Mama Kayai. Rais hatajwi. Chama hakiguswi. Ilibidi tungoje mpaka mwishoni mwa miaka ya 90 ndipo vijana wa Redykyulass wamuigize Moi hadharani na walale kwao usiku huo. Kwa hawa watazamaji, Ojwang' alitufunza kumcheka mnyonge kwa sababu mkubwa hakuchekeka.

Unaona sasa? Mtu mmoja, vichekesho vile vile, mashitaka matatu tofauti. Na kila upande ukiusikiza peke yake, unasema ukweli.

Mimi nilirudi kutazama. Vipindi vingine vya zamani viko mtandaoni, na nilitumia wiki kadhaa nikitazama usiku nikiwa nimemaliza kazi. Na nikaona kitu ambacho hao watazamaji wote watatu hawakuwa wameniambia.

Angalia Vioja Mahakamani kwanza. Kila wiki kuna mshtakiwa kizimbani. Mara nyingi ni mtu wa chini, na makosa ni yale ya mtu wa chini. Kiswahili chake kinavuta mguu: kuna cha Kijaluo, cha Kiluhya, cha Kikamba. Mbele yake amekaa hakimu, na Kiswahili cha hakimu kimenyooka. Pale kicheko kina mteremko. Kinatoka juu kwa Kiswahili sanifu kinashuka mpaka kwa mtu anayekibananga. Na tukumbuke, Kenya hii watu wengi walijifunza Kiswahili kama lugha ya pili ama ya tatu. Kwa hivyo aliyekuwa kizimbani hakuwa Mjaluo pekee. Alikuwa ni karibu kila mtu aliyekuwa anatazama. Hao wanaosema tulifunzwa kumcheka mnyonge, hapa nawapa haki yao.

Lakini ingia Vitimbi uone. Hapa hakuna hakimu. Hakuna mtu mwenye Kiswahili safi aliyekaa juu anapima wengine. Mzee Ojwang' ndiye mwenye nyumba. Lafudhi yake haimpeleki kizimbani, ndiyo anatolea amri. Anataka heshima, anaogopa kuaibika, ana wivu, anapenda pesa kuliko vile anakubali, na mkewe anamjua kuliko anavyojijua. Ukicheka, unacheka mzee anayeringa halafu anazidiwa akili nyumbani kwake. Huyo mzee yuko Kiambu. Yuko Kakamega. Yuko Mombasa anavaa kanzu. Mimi huyo mzee ni babu yangu kabisa, na babu yangu hajawahi kufika Kisumu.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: lafudhi ile ile, sauti ile ile, inaweza kuwa matusi kwa kipindi kimoja na heshima kwa kingine, kulingana na nani amekaa juu ya nani kwenye hiyo hadithi. Watu wanabishana kuhusu sauti ya Ojwang' na kusahau kuangalia amewekwa wapi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo moja lililobadilisha masikio yetu, na hatulitaji vya kutosha tukiongea kuhusu vichekesho. Kura ya 2007. Zaidi ya watu 1,100 walikufa kwa ile vita ya baada ya uchaguzi, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Nakuru tulikuwa katikati ya hayo mambo. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya vijana, na unaulizwa kitambulisho, jina lako la pili ni nani, hebu ongea tukusikie. Lafudhi, ile tuliyokuwa tunachekea kwa jirani mwenye Great Wall, ikawa kitu kinachoweza kuamua kama unafika nyumbani.

Ukishapitia hapo, "sida" haiwezi kusikika tena vile ilivyosikika mwaka wa 1985. Kichekesho hakikubadilika hata herufi moja. Sisi ndio tulibadilika. Mamangu anasikia ploti yake ya zamani. Rafiki yangu anasikia bweni. Mtu aliyepoteza ndugu yake Januari 2008 anasikia kizuizi. Hao watu wakibishana kuhusu Ojwang', wanabishana kuhusu Kenya gani kila mmoja ameishi. Ndiyo maana ubishi huu hauishi, na ndiyo maana sipendi mtu akimwambia mwenzake "si ucheke tu, ni jokes." Hujui huyo anasikia nini.

Kuna mchekeshaji mwingine nataka tumweke kando ya Ojwang': Charles Bukeko, Papa Shirandula, aliyetuacha tarehe 18 Julai 2020 wakati wa korona. Yeye alikuwa Mluhya akiigiza Mluhya, kwa hivyo lile swali la rafiki yangu halimpati. Lakini ona hadithi yenyewe: mwanamume ni soja wa kulinda lango, na amemficha mkewe hiyo kazi, kila asubuhi anatoka kama mkubwa wa ofisi. Sasa toa lafudhi yote. Mfanye azungumze Kiswahili cha mtangazaji wa habari. Hadithi inabaki? Inabaki, na inauma, kwa sababu kila mtu anamjua mwanamume anayeona haya na mshahara wake. Fanya hivyo hivyo na Ojwang' na Mama Kayai. Inabaki.

Sasa fanya hivyo na video zetu, sisi vijana wa leo. Tunavaa kitenge ama tunafunga kilemba, tunaweka simu kwa dirisha, tunavuta lafudhi sekunde 30, tumemaliza. Ukitoa lafudhi hakubaki kitu, hata jina la mhusika hatukumpa. Hicho ndicho tulichochukua kwa wazee: tulibeba sauti na kumwacha mtu. Halafu mtu akilalamika tunasema, "Kwani Ojwang' hakufanya?" Hapana. Ojwang' alimpa yule mzee nyumba, mke, madeni, hasira na aibu, wiki baada ya wiki, kwa zaidi ya miaka 30. Usijifiche nyuma ya marehemu.

Kampuni moja iliniletea kazi juzi. Walitaka tangazo la dakika moja, "mama wa sokoni wa Kijaluo", na pesa ilikuwa ya kulipa nyumba miezi mitatu. Niliwauliza huyo mama anataka nini kwenye hiyo hadithi. Wakaniambia hataki kitu, anaongea tu. Nikawaambia basi watafute mtu mwingine. Siandiki hii ndio mniite shujaa, kodi bado nadaiwa. Naandika kwa sababu huo ndio mpaka nimejiwekea, na nimeutoa kwa kumtazama Ojwang': kama mhusika hana anachotaka, basi lafudhi yake ndiyo tunaicheka, na hapo tumerudi kizimbani.

Kuna jambo la mwisho. Miaka michache kabla ya kifo chake, macho ya mzee yalipomsumbua, Wakenya walichanga pesa atibiwe. Watu wa kila kabila walichanga. Wengine wao bila shaka ni hao hao wanaolia na vile lafudhi yao ilichezewa. Mimi hilo linaniambia mambo mawili, na yote ni kweli kwa pamoja. La kwanza, walimwona kama mzee wao, sio wa Wajaluo wala wa Wakikuyu. La pili, nchi iliyocheka naye miaka 30 ilikuwa imemwacha afike uzeeni akihitaji mchango. Tukibishana kuhusu urithi wake, hilo la pili nalo liingie kwa hesabu, kwa sababu ni rahisi sana kumwita mtu hazina ya taifa ukishamzika.

Basi mimi nimesema yangu. Najua kuna mtu atakayesoma hapa na kuona nimemtetea mzee kupita kiasi, na mwingine ataona nimemkosea heshima. Wewe kwanza niambie ulimsikia ukiwa wapi, mwaka gani, na nani alikuwa ameketi kando yako. Halafu tuanze kubishana.