Rubani Kuongezewa Miaka ya Kazi: Nani Anakula, Nani Anangoja?

Ukiishi Utawala, Fedha ama Pipeline, ngurumo ya ndege za JKIA umeizoea mpaka hata huinui kichwa. Lakini cheki hivi: kila ndege kubwa ya abiria ikipita hapo juu, mbele kuna wasee wawili. Kushoto ameketi kapteni, kulia rubani msaidizi. Wa kulia anamezea mate kiti cha kushoto, na kuna namba moja inaweza kumngojesha sana: umri wa kustaafu.

Sheria iko aje saa hii?

ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ndilo huweka mpaka wa umri kwa safari za kimataifa za kibiashara. Zamani kapteni alikuwa anatoka akigonga 60. Novemba 2006 ikapandishwa hadi 65, bora mwenzake awe chini ya 60. Mwaka wa 2014 hilo sharti la mwenzake likatolewa. Ukirusha ndege ukiwa peke yako, bado ni 60. Mwaka wa 2025 IATA, chama cha mashirika ya ndege, kikaomba isongezwe hadi 67.

Foleni inasonga aje?

Kwa mashirika mengi, kupanda cheo ni kama foleni ya mat asubuhi: aliyefika kwanza anaingia kwanza. Tuseme kampuni ina makapteni 20 na kila mwaka wawili wanastaafu. Viti viwili vinafunguka, wasaidizi wawili wanahamia kushoto, na chini vijana wawili wanaajiriwa. Ukiongeza miaka miwili, viti vinne havifunguki. Foleni yote inasimama, mpaka kwa yule dogo aliyemaliza shule ya urubani pale Wilson juzi.

Mzee anapata nini?

Anapata miaka miwili ya mshahara wa juu, na pensheni inanona. Kampuni nayo inabaki na uzoefu. Kumbuka Chesley Sullenberger alikuwa na miaka 57 alipotua kwa mto Hudson, New York, Januari 2009, na watu wote 155 wakatoka hai.

Lakini si mteremko. Ukifika 60, unapimwa afya kila baada ya miezi 6, na ukianguka, leseni inakaa kando. Halafu Kenya ikipandisha umri peke yake, nchi zingine zinaweza kumkataza huyo mzee kuingia anga yao. London na Dubai zinafungwa, anabaki na Mombasa na Kisumu. Na safari fupi kama hizo ndizo vijana wengi huanzia.

Kijana je?

Miaka yake haijapotea, imehamishwa. Atarudishiwa akiwa 66, kama afya itakuwa bado fiti. Shida ni kwamba deni la shule, kodi ya keja na maziwa ya mtoto ziko leo. Na leseni ya biashara unaipata na kama masaa 200 hewani, lakini leseni kamili ya ukapteni inataka 1,500. Hayo masaa huyapati ukiwa nyumbani ukingoja simu.

Marekani walipitia hii

Desemba 2007 walitoka 60 wakaenda 65. Kwa miaka 5 hivi, karibu hakuna rubani aliyetoka kwa sababu ya umri. Halafu uchumi ukaanguka 2008, mashirika yakapunguza ndege, na waliosimamishwa kazi kwanza ni wale wa mwisho kuajiriwa. Mwaka wa 2024 walijadili 67 tena, wakaamua kubaki 65.

Hata kwenu hii story iko

Usidhani ni mambo ya wenye mabawa tu. Aprili 2009 serikali ya Kenya ilipandisha umri wa kustaafu wa wafanyakazi wake kutoka 55 hadi 60. Kama mathe wako alikuwa mwalimu ama karani, labda hiyo miaka 5 ndiyo ilikulipia karo. Na labda hiyo hiyo ndiyo iliacha jirani yenu wa Umoja, mwenye digrii, akiketi kwa base akingoja tangazo la kazi. Nyumba moja ilishiba, ya pili ikangoja, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Sasa rada ni gani?

Siku mjadala wa 67 ukifika huku, usikimbilie kusema wazee watoke ama vijana wangoje. Uliza kwanza: ndege zinaongezeka? Kampuni ikinunua ndege mpya, mzee anabaki na dogo anapata kiti. Ndege zikibaki zile zile, kila mwaka wa mzee unatoka kwa mfuko wa kijana.

Na kama wewe ndiye unaota kurusha, kabla familia iuze shamba ya ushago, uliza kampuni maswali mawili: mko na ndege ngapi zinakuja, na makapteni wangapi wanastaafu miaka 5 ijayo? Hayo majibu ndiyo yatakuonyesha foleni yako ni ndefu aje.