Kwa nini nazi inaanguka lakini mwezi hauanguki?

Mtoto akiuliza kwa nini nazi ikikatika mnazini inakuja chini na haiendi juu, jibu fupi ni hili: dunia inaivuta. Nguvu hiyo ndiyo graviti, au nguvu ya uvutano.

Swali gumu ni linalofuata. Mwezi nao uko juu, na dunia inauvuta vilevile. Mbona haujatudondokea?

Tuanze na nazi. Kitu kinachoanguka hakiendi kwa mwendo mmoja. Kila sekunde kasi yake inaongezeka kwa karibu mita 10 kwa sekunde. Nazi ikitoka mita 5 juu inatua baada ya sekunde 1 hivi, ikiwa na kasi ya karibu kilomita 36 kwa saa. Ikitoka kwenye mnazi mrefu wa mita 20, inachukua sekunde 2 tu na kufikia karibu kilomita 72 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi! Wazee wanaofukuza watoto chini ya minazi yenye nazi zilizokomaa wana haki kabisa.

Je, kitu kizito kinaanguka haraka zaidi? Hapana, ingawa hata watu wazima wengi wanaamini hivyo. Chukua karatasi mbili zinazolingana, moja iache ilivyo, nyingine ikunjekunje iwe kama kimpira. Ziachie pamoja. Uzito ni uleule, lakini kimpira kinatangulia. Kinachoichelewesha ile nyingine ni hewa.

Mwezini hakuna hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa huko, na vikatua pamoja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ukirusha jiwe mbele, linaanguka hatua kadhaa kutoka ulipo. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, linaanguka mbali zaidi. Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza aliyechapisha kanuni ya uvutano mwaka 1687, alifikiria hivi: vipi likirushwa kwa kasi kubwa mno kutoka juu ya mlima? Dunia ni mviringo. Jiwe likishuka, ardhi nayo inazidi kupinda chini yake, kwa hiyo linaendelea kuanguka bila kuigusa.

Mwezi unafanya hivyohivyo. Unaanguka kila siku, ila unakwenda pembeni kwa kasi ya karibu kilomita 1 kwa sekunde, hivyo unaizunguka dunia badala ya kuigonga.

Wanaanga walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, karibu kilomita 400 juu yetu, nao wako hivyo. Utasikia watu wakisema wanaelea kwa sababu huko hakuna graviti. Si kweli. Graviti ya pale ni karibu asilimia 90 ya hii tuliyo nayo ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, wakiizunguka dunia kila dakika 90 hivi.

Mwezi nao unatuvuta. Wavuvi wa Pwani wanaliona hilo bila darasa: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, uvutano wake unaungana na wa jua, na maji ya bamvua yanajaa na kupwa kuliko siku nyingine.