Fundo Moja, Kisha Jingine

Mara nyingi twaona kitambaa cheupe cha altare, pembeni kimepambwa kwa dantela, nasi twapita bila kuuliza: Aliyekifanya alitumia siku ngapi? Dantela ni za namna nyingi. Moja Wafaransa huiita frivolite, maana yake jambo la upuuzi. Jina hilo lisitudanganye.

Chombo chake chaenea kiganjani, nacho chafanana na mtumbwi mdogo. Uzi huzungushwa ndani yake. Fundi hufunga mafundo mawili mawili juu ya uzi uliozunguka vidole vyake, kisha huvuta uzi wa mtumbwi, mafundo yakajikunja kuwa pete. Siri ni hii: kila fundo lazima liundwe na uzi wa vidoleni, uzi wa mtumbwi ubaki umenyooka katikati. Fundo moja likikosewa, pete haifungi. Tena kulifungua fundo lililokazwa ni taabu kuliko kulifunga.

Sasa tutazame nchi ya Ireland, ambako kazi hizi zilipata kuwa chakula. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, navyo ndivyo vilivyowalisha maskini. Katika miaka ile ya njaa watu kama milioni moja walikufa. Mwaka 1847, katika mji wa Ardee, Sophia Ellis, mke wa mchungaji wa Kianglikana, alianza kuwafundisha wanawake frivolite wapate fedha kidogo. Kule Youghal, Mama Mary Anne Smith, mtawa wa shirika la Presentation, alikuwa na kipande cha dantela ya Italia, dantela ya sindano, wala hakuwa na mwalimu. Basi alikifumua uzi kwa uzi, akitazama kila mshono ulivyopita, mpaka akaijua njia yake. Ndipo akawafundisha wasichana, na mwaka 1852 shule ya dantela ikafunguliwa huko.

Dantela haikuimaliza njaa. Lakini mikono iliyokuwa mitupu ilipata kazi, na kazi ikaleta chakula. Uvumilivu wa mtawa yule haukuwa kukaa na kungoja. Ulikuwa kufumua, kutazama, na kuanza tena.

Kwetu Oicha somo hili si la mbali. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza akina mama wengi katika mashamba yao. Wako waliokimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Mama aliyepoteza yote, naye leo ameshika sindano au jembe la kuazima, anafunga fundo lake la kwanza upya.

Basi ndugu, tusimwambie tu, “Vumilia, mama,” kisha twende zetu. Tumpe uzi. Na akimaliza kazi yake, tuinunue kwa bei ya haki, bila kumpunja. Mvumilivu hula mbivu. Lakini heri jirani anayemsaidia kuufikia mti.