Leakey yupi?

Kila nikiuliza darasani ni nani aliyegundua fuvu la kale la Zinjanthropus, mikono inainuka na jibu ni moja: Dakta Leakey. Nikiuliza Leakey yupi, darasa linanyamaza. Siwalaumu, ndivyo walivyofundishwa tangu shule ya msingi. Lakini asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey alikuwa amelala hemani, mafua yamemzidi. Aliyekuwa akitembea kwenye mteremko wa korongo moja kule Oldupai, Tanzania, macho chini, mbwa wake wenye madoadoa wakimfuata, ni mkewe, Mary. Aliona mfupa umechomoza udongoni. Akaupangusa taratibu kwa burashi, yakatokea meno mawili makubwa yakiwa bado yameshikamana na taya. Akalirukia Land Rover kumfuata mumewe. Louis alisahau homa papo hapo.

Korongo hilo linaitwa FLK, yaani Frida Leakey Korongo, na Frida ni mke wa kwanza wa Louis, aliyeachwa kwa ajili ya Mary. Mary naye ana la kwake, MNK, lenye jina lake la usichana, Mary Nicol. Humo aliokota vipande vya fuvu mwaka 1935, safari yake ya kwanza. Maji yalikuwa shida kubwa safari ile. Walikunywa ya dimbwi waliloogelea vifaru, na chai ikanuka mkojo.

Alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake, mchoraji, alimtembeza katika mapango ya kale ya Ufaransa, kisha akafariki binti akiwa na miaka 13. Masista walimfukuza katika shule mbili. Digrii hakuwahi kusomea. Alichokuwa nacho ni mkono: aliweza kuchora zana ya jiwe hata anayetazama karatasi aone kila mahali ilipochongwa. Louis alihitaji mtu wa kumchorea picha za kitabu, na hivyo ndivyo walivyojuana. Walioana Desemba 1936, na mwezi uliofuata walikuwa Kenya. Mwaka huo wa 1937 Mary alianza kuchimba Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru.

Watoto walizaliwa katikati ya kazi hiyo: Jonathan mwaka 1940, Richard 1944, Philip 1949. Kati yao alikuwepo Deborah, aliyefariki akiwa mchanga mwaka 1943. Mary hakuwaacha wanawe nyuma ili aende kuchimba. Walikulia kambini, na kazi ya mama wakaijua kama watoto wa mkulima wanavyolijua shamba. Mwaka 1960 Jonathan, kijana wa miaka kama 20, ndiye aliyepata kule Oldupai mabaki ya mtoto ambaye taya lake lilikuja kuwa kielelezo cha spishi ya Homo habilis.

Hata hivyo, kwangu mimi ukubwa wa Mary si fuvu. Fuvu mtu anaweza kulibahatisha. Ukubwa wake ni namna alivyochimba baada ya hapo. Pale FLK alifunua tabaka moja la ardhi kwa upana, kama mita za mraba 300, na kila jiwe na kila kipande cha mfupa kiliachwa mahali pake mpaka kichorwe kwenye ramani. Yalitoka mawe zaidi ya 2,000 na mifupa iliyovunjwavunjwa kwa maelfu. Kabla yake watafutaji wengi waliokota kilicho kizuri, kingine wakakiacha. Yeye aliwaonyesha wanasayansi uwanja mzima, wa miaka takriban milioni 1.8 iliyopita, wenye mawe yaliyopasuliwa na mabaki ya wanyama waliochinjwa. Kitabu chake cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1971, na wataalamu bado wanakibishania na kukitegemea. Wachimbaji wake, wengi wao Wakamba kutoka Kenya, walikuwa na macho makali. Mmoja wao, Peter Nzube, ndiye aliyeliona fuvu walilolipa jina la Twiggy mwaka 1968.

Louis alifariki mwaka 1972. Mary, ambaye tayari alikuwa anaishi Oldupai, akahamishia nguvu zake Laetoli. Huko, mwaka 1978, zilifunuliwa nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, miaka milioni 3.66 iliyopita.

Mwaka huohuo mwanasayansi Donald Johanson na wenzake walitaka kuyaweka mataya yaliyookotwa Laetoli na mifupa iliyopatikana Ethiopia chini ya jina moja jipya, Australopithecus afarensis. Mary hakuridhika, akaagiza jina lake lifutwe kwenye makala ya kulitangaza jina hilo, iliyokwisha kuandaliwa. Likafutwa. Aliendelea kuchimba mpaka 1983, jicho moja likiwa limekwisha kupofuka, ndipo akahamia Nairobi, alikofariki Desemba 1996. Jina alilolikataa lilishinda, na mfupa unaolibeba rasmi mpaka leo ni taya lililookotwa Laetoli na Maundu Muluila mwaka 1974, katika kazi aliyoisimamia yeye.