Stempu Juu ya Hati ya Nyumba

Mwanafunzi wa Kiswahili akutanapo na neno stempu hufikiri mara moja kile kikaratasi chenye gundi kibandikwacho juu ya bahasha. Hakosei, lakini stempu hiyo ndiyo changa katika ukoo wake. Stempu ya barua ilizaliwa Uingereza mwaka 1840. Stempu ya hati, ambayo mnunuzi wa nyumba hukutana nayo wakati wa kuhamisha umiliki, imeitangulia kwa zaidi ya karne mbili. Neno ushuru nalo lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Basi tusemapo "ushuru wa stempu" twaunganisha maneno ya safari mbili mbalimbali. Hapa nitaifuata safari ya stempu.

Kodi hii ilianza Uholanzi mwaka 1624, nchi hiyo ilipokuwa vitani na Hispania na hazina yake imekauka. Inasimuliwa kwamba wakuu wa nchi waliahidi zawadi kwa mtu atakayebuni kodi mpya isiyowalemea mno raia, na shauri lililopendeza likawa karatasi yenye muhuri wa serikali: mikataba, wasia na hati nyinginezo ziandikwe juu ya karatasi hiyo, nayo inunuliwe kwa serikali peke yake. Hila yenyewe ilikuwa nyepesi. Mtoza kodi hakuwa na haja ya kugonga mlango wa mtu. Mwenye mali mwenyewe, kwa hofu ya kudhulumiwa kesho, aliifuata karatasi.

Waingereza waliiga mwaka 1694, wakati wa Mfalme William na Malkia Mary, ili wagharamie vita dhidi ya Ufaransa. Sheria yao ilisema kodi itatozwa kwa miaka minne. Miaka minne hiyo haijaisha hata leo! Walipoipeleka katika makoloni yao ya Marekani mwaka 1765 watu wa huko waliikataa kwa ghasia, ikafutwa mwaka uliofuata. Lakini nyumbani Uingereza iliendelea kulipwa, na tangu 1808 ushuru wa hati za mauzo ukaanza kupanda na kushuka kwa kufuata bei.

Nguvu ya kodi hii haikuwa katika faini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1891 ilisisitiza kuwa hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi katika kesi ya madai. Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Mtu amelipa fedha zote, amepokea funguo, na hati anayo mkononi. Muuzaji afariki, na warithi wake waseme nyumba haikuuzwa kamwe. Mnunuzi akiitoa hati yake, hakimu hataitazama mpaka kwanza ushuru na adhabu ya kuchelewa vilipwe. Kanuni hii ilifika Afrika ya Mashariki kupitia India, maana mwishoni mwa karne ya 19 watawala waliziweka sheria nyingi za India zitumike huku, kama walivyoiweka rupia, ambayo tulikaa nayo hadi 1920.

Leo nchini Kenya mnunuzi hutozwa 4% ya thamani mjini na 2% mashambani. Uganda ni 1.5%. Nyumba ya mjini ya shilingi 5,000,000 za Kenya, basi, hudai 200,000 juu ya bei, na wengi hulifahamu jambo hilo wakiwa wamekwisha kumaliza akiba yao.

Lakini je, ni mnunuzi kweli aulipaye? Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alikana. Kwa rai yake, auzaye ardhi huwa karibu daima ameshikwa na shida, na anunuaye mara chache hulazimika. Kwa hiyo mnunuzi huhesabu kodi na bei pamoja, akaipunguza bei kwa kadiri ya kodi, na hasara ikamwangukia muuzaji. Nyumba mpya tu aliitenga: huko mjenzi asipopata faida yake ataacha kujenga, kwa hiyo mnunuzi hana budi kuibeba kodi. Hoja ni nzuri, ila Smith hakuwahi kupanga chumba Kampala. Katika miji yetu yuko pia mnunuzi aliyeshikwa na shida, anayepandishiwa kodi ya pango kila mara, na huyo hana nguvu ya kupunguza chochote.

Uingereza yenyewe ilitoa mfano wa wazi wa jinsi kodi inavyoigeuza bei. Hadi Desemba 2014 nyumba ya pauni 250,000 ilitozwa 1%, yaani pauni 2,500. Ya pauni 260,000 ilitozwa 3% juu ya bei yote, yaani 7,800. Nani angenunua kwa 260,000? Bei zilirundikana chini kidogo ya mpaka, na aliyepoteza hapo ni muuzaji, kama Smith alivyosema. Hesabu ilipobadilishwa, kila sehemu ya bei ikatozwa kwa kiwango chake, nyumba hiyo ya pili ikadaiwa 3,000.

Huku kwetu njia ya mkato ni nyingine: kuandika bei ndogo katika hati. Mthamini wa serikali amewekwa kwa ajili hiyo, ingawa wapo wanaompita. Mnunuzi wa namna hiyo hufurahi siku ile. Lakini huko Kenya, akija kuiuza nyumba aliyokuwa akiipangisha, atadaiwa kodi ya faida, ambayo tangu 2023 ni 15%, nayo itahesabiwa kuanzia ile bei ndogo aliyoiandika kwa mkono wake.