Nyama ndiyo hupima mzigo: Zana nyepesi za mwindaji wa miguu katika milima ya Rocky

ELKI dume akianguka jioni katika misitu ya milima ya Rocky, jimbo la Colorado nchini Marekani, kilomita nane kutoka barabarani, mwindaji hana muda wa kushangilia. Mnyama huyo ni wa jamii ya kulungu lakini kimo chake hukaribia cha farasi. Huwa na uzani wa kilo 300 au zaidi, na nyama yake ikishatengwa na mifupa hufika kilo 80 hadi 100. Haina budi kutolewa msituni, kwani sheria za jimbo hilo zinamtaka mwindaji aitayarishe nyama yote inayofaa kuliwa, na kuiacha ioze porini ni kosa linaloadhibiwa.

Hapo ndipo hesabu ya mzigo huanzia. Mtu mwenye nguvu za kawaida, akipanda na kushuka mabonde, huweza kubeba kilo 30 hadi 35 bila kujiumiza. Kilo 90 za nyama kwa hivyo ni safari tatu za kwenda na mbili za kurudi, jumla kilomita 40. Ikiwa hema, matandiko na vyombo vyake ni kilo tisa tu, atavigawa na kuvichanganya na nyama, kilo tatu kila safari. Vikiwa kilo 20, atalazimika kufunga safari ya nne, yaani kilomita 16 zaidi, huku nyama iliyosalia ikiwavutia dubu na jua la Septemba likianza kuiharibu. Wawindaji wa huko hawapunguzi gramu kwa ajili ya fahari. Wanapunguza kwa sababu wanajua watakachorudi nacho.

Msomaji huenda akauliza kwa nini wasitumie gari. Sehemu kubwa ya nyika zenye elki wengi ni ardhi ya umma iliyo chini ya sheria ya mwaka 1964 ya kuhifadhi nyika, ambayo inapiga marufuku magari, pikipiki na hata baiskeli. Anayetaka kuingia humo ana njia mbili: mnyama wa kubeba mizigo, kama vile farasi au nyumbu, ama mgongo wake mwenyewe. Kukodi farasi pamoja na mwongozaji ni ghali mno kwa mfanyakazi wa kawaida, na wengi wa wanaozungumziwa hapa ni mafundi, walimu na madereva waliochukua likizo ya wiki moja.

Ni mbali sana na uwindaji uliozoeleka katika simulizi za Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt, aliyemaliza muda wake wa urais wa Marekani Machi 1909 na kutua Mombasa Aprili mwaka huo, alisafiri bara akiwa na wapagazi zaidi ya 200. Walimbebea mahema, bafu na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Vitabu alivyopenda kusoma vilijaa sanduku lenye uzani wa kilo 27 hivi, na sanduku hilo lilikuwa shehena kamili ya mpagazi mmoja. Kuna mtu, basi, aliyevuka mbuga za Kenya akibeba maktaba ya mwenzake, na jina lake halikuingia katika vitabu vya historia.

Mwindaji wa leo wa Colorado ni Roosevelt na mpagazi kwa pamoja, na kifaa chake cha kwanza ni shanta. Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya wanaoanza. Watembeaji wa masafa marefu, wasiowinda, hubeba mashanta yenye uzani wa chini ya kilo moja, yasiyo na fremu. Mwindaji akiiga hao atajuta. Shanta lake huwa na uzani wa kilo mbili hadi tatu, nalo ndilo chombo pekee ambacho hashauriwi kukipunguzia uzito kupita kiasi, kwa maana litakuja kubeba robo ya elki. Lina fremu ya alumini au ya nyuzi za kaboni, na kati ya fremu na mfuko kuna nafasi ya kubania nyama ili ikae karibu na uti wa mgongo. Nyama ikining'inia nyuma humvuta mtu chali, na kwenye mteremko wenye mawe hilo laweza kumvunja mguu.

Siri ya shanta jema ni mkanda wa kiunoni. Dick Kelty wa California, aliyeanza kuuza mashanta yenye fremu ya alumini mwaka 1952, ni miongoni mwa walioeneza wazo kwamba mzigo sharti ukae kwenye nyonga wala si mabegani. Kanuni yenyewe ni ya kale. Mwanamke wa Mlima Kenya abebaye kuni kwa ukanda wa ngozi uliopita utosini anafanya vivyo hivyo kwa njia nyingine, yaani anautafutia mzigo mfupa imara wa kuulalia badala ya kuuacha utundikwe kwenye misuli ya mabega. Mkanda wa kiunoni ukilegea, hata kilo 15 hugeuka mateso.

Baada ya shanta huja malazi, na hapa uzito hupungua kwa urahisi zaidi. Hema la kawaida la mtu mmoja, lenye kuta mbili, huwa na kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Turubai la nailoni iliyopakwa silikoni huwa na gramu 300 hadi 500 tu, na hukitwa kwa fimbo zile zile za kutembelea. Kuna pia kitambaa cha Dyneema, ambacho asili yake ni tanga za mashua za mashindano. Hakifyonzi maji wala hakilegei kikilowa, lakini hema lililotengenezwa nacho laweza kugharimu zaidi ya dola 600.

Wawindaji wengi wa msimu wa baridi huchagua lisilokuwa moja kati ya hayo. Hutumia hema lenye umbo la pia, lisilo na sakafu, linalosimama kwa mhimili mmoja katikati. Huwa na kilo moja au moja na nusu, nao watu wawili hulala humo pamoja na mizigo yao. Faida yake kubwa ni kwamba laweza kuwekewa jiko dogo la kuni lililotengenezwa kwa bati jembamba la titaniamu, lenye bomba la moshi linalokunjwa kama karatasi. Jiko hilo huongeza kilo moja hivi. Kwa anayehesabu gramu hilo huonekana kama wazimu, hadi siku ya tatu ya theluji, nguo zote zikiwa zimelowa na hakuna njia nyingine ya kuzikausha. Onyo lake ni moja: jiko halilaliwi likiwaka ndani ya hema lililozibwa kila upande. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini.

Usingizi wenyewe hutegemea vitu viwili ambavyo wengi huvichukulia kuwa kimoja, nao ni mfuko wa kulalia na godoro. Mfuko uliojazwa manyoya laini ya bata au bata bukini ndio mwepesi kupita yote kwa joto linalopatikana. Namba iliyoandikwa juu yake, kama vile 850, ina maana kwamba wakia moja ya manyoya hayo hutanuka na kujaza inchi za ujazo 850. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo manyoya machache yanavyotosha. Mfuko wa aina hiyo unaofaa usiku wa nyuzi saba chini ya sufuri huwa na gramu 900 hivi. Wa nyuzi za viwandani, kwa joto lile lile, hukaribia kilo moja na nusu.

Manyoya hata hivyo yana adui mmoja, nayo ni maji. Yakilowa hugandamana na kuwa kama uji, na joto hutoweka. Anayewinda Colorado penye hewa kavu anaweza kuyaamini. Anayekwenda pwani ya Alaska, ambako mvua hunyesha siku nenda siku rudi, hufanya vyema kuvumilia uzito wa nyuzi za viwandani. Aidha, namba ya nyuzijoto inayotangazwa kwenye mfuko isichukuliwe kuwa ahadi ya usingizi mnono. Vipimo vya kimataifa hutenganisha kiwango cha starehe na kiwango cha chini ambacho mtu aliyejikunja huweza kustahimili, nao wauzaji hupenda kutangaza hicho cha pili.

Godoro nalo hupuuzwa. Manyoya yaliyo chini ya mgongo hukandamizwa na uzito wa mwili, kwa hivyo hayazuii chochote, na baridi ya ardhi hupanda moja kwa moja. Ubora wa godoro hupimwa kwa namba ya R. Namba ya 2 hutosha wakati wa kiangazi, lakini kwenye ardhi iliyoganda inafaa 4 au zaidi. Godoro la kupuliza ni jepesi na laini, ila tundu moja la mwiba hulimaliza. Ndiyo maana wazee wa kazi hii bado hubeba kipande cha sponji ngumu cha gramu 400, ambacho mchana hukikalia wakisubiri mnyama.

Jikoni hapana mengi. Sufuria moja ya titaniamu, kijiko kirefu na kichoma gesi cha gramu 100 vinatosha, kwa kuwa upishi wenyewe ni kuchemsha maji ya kumwagia chakula kilichokaushwa. Gesi ndiyo ya kuchunguzwa. Butani hukoma kugeuka hewa joto likishuka hadi karibu na sufuri, na mtungi wake asubuhi ya barafu huwa kama jiwe. Isobutani hustahimili hadi nyuzi 11 hivi chini ya sufuri, na propani hadi 42. Mtungi wenye mchanganyiko wa hizo mbili za mwisho ndio wa kununuliwa, na wengi hulala nao ndani ya mfuko ili uamke na joto. Kwenye ndege hauruhusiwi kamwe. Hununuliwa karibu na msitu.

Chakula cha siku moja huwa gramu 700 hadi 900. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori tisa, ilhali ya wanga au protini hutoa nne, na ndiyo sababu karanga, jibini na nyama kavu hujaa shantani. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya waliligundua hilo zamani kupitia nyirinyiri, nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Hakuna kiwanda kilichopata fomula bora zaidi kwa msafiri wa miguu.

Maji ni kilo moja kwa kila lita, kwa hivyo mwenye busara hubeba chujio na kuchota mtoni. Chujio lenye mirija myembamba likishatumika halifai kuachwa ligande usiku, kwani mirija hupasuka bila kuonekana na vijidudu hupita.

Yako mambo ambayo kupunguza gramu ni kucheza na roho. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, akili huanza kuchanganyikiwa, na mtu huweza kuketi kwenye theluji akidhani anapumzika. Kwa hivyo koti la mvua, nguo moja kavu isiyovaliwa ila wakati wa kulala, kurunzi ya kichwani yenye betri za akiba, na viwashio viwili vya moto vilivyofungwa mbali na maji havipunguzwi. Fulana na suruali za pamba huachwa nyumbani, maana pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Sufu ndiyo hupendwa. Hali kadhalika bendeji ya kukazia mshipa unaovuja damu, kwa sababu visu vya kuchunia vina makali ya wembe na kazi yenyewe mara nyingi hufanywa gizani, mikono ikiwa imekufa ganzi. Kifaa cha kuomba msaada kupitia setilaiti, kilichoruhusiwa kwa watembeaji kote Marekani mwaka 2003, huwa na gramu 100 hadi 200. Tangu mwishoni mwa 2022 hata baadhi ya simu za mkononi zina uwezo huo, ingawa betri ya simu huisha upesi kwenye baridi.

Isidhaniwe kwamba wepesi ni wa matajiri pekee. Mwaka 1955 Emma Gatewood, ajuza wa miaka 67, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200. Alibeba mfuko aliojishonea mwenyewe, blanketi na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Hakuwa na hema.

Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hakuna atakayebeba robo ya elki kushuka Mlima Kenya. Lakini anayelala mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, akisubiri kupanda Point Lenana alfajiri, hukutana na baridi ile ile ya chini ya sufuri. Zana hizi humfikia, mara nyingi kupitia marobota ya mitumba ya Gikomba. Anayenunua mfuko wa manyoya huko aufungue, auinue kuelekea jua na atazame: penye mwanga mwingi hapana manyoya. Avipapase vyumba vyake kwa vidole, na akikuta madonge yasiyotawanyika ajue umewahi kulowa au kufuliwa vibaya. Kisha aukunje kwa nguvu, auachilie, na asubiri dakika kumi. Usipofura, auache hapo hapo, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.